Kwa nini lori kuukuu huchemka likiwa limesimama kwenye foleni

MJI wa Mlolongo, ulio kandokando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, ulipata jina lake kutokana na safu ya malori yaliyokuwa yakingoja zamu kwenye mizani. Safu za namna hiyo zimeshuhudiwa pia Mariakani, Gilgil na Webuye, na zaidi katika mpaka wa Malaba, ambako mnamo 2020, madereva walipotakiwa kupimwa virusi vya corona kabla ya kuvuka, malori yalijipanga kwa makumi ya kilomita.

Ni katika safu hizo ambapo injini kuukuu hufichua siri zake. Lori huondoka Mombasa likiwa na shehena, likapita Voi na Mtito Andei sindano ya joto ikiwa imetulia katikati ya geji. Likifika kwenye foleni na kusimama kwa dakika ishirini injini ikiwaka, sindano huanza kupanda. Baada ya muda mvuke hufoka chini ya kabati la dereva, utingo akaruka chini na mtungi wa maji, na walio nyuma wakaanza kupiga honi.

Ajabu ya tatizo hili ni kwamba lori hilo hilo likirejea barabarani na kushika mwendo, sindano hushuka lenyewe likienda. Wamiliki wengi huchukulia hali hiyo kuwa ushahidi kwamba injini haina ugonjwa. Huendelea kusafiri, wakijaza maji kila kituo, hadi siku ambapo silinda hedi inapinda au kupasuka. Kwa mtu mwenye lori moja alilonunua kwa mkopo, siku hiyo ni msiba. Nyanya na kabeji zilizo nyuma huanza kuoza kabla fundi hajafika, mwenye mzigo hatafuti tena huduma zake, nayo tarehe ya kulipa benki haisogezwi.

Hata hivyo, kuchemka wakati lori limesimama ni mojawapo ya dalili zilizo rahisi kufasiriwa, iwapo fundi atatua kidogo na kuuliza maswali kabla ya kushika spana. Swali la kwanza ni hili: injini huchemka lini? Injini inayochemka ikipanda mlima lakini ikapoa kwenye foleni aghalabu ina rejeta iliyoziba ndani au mpira wa maji wa chini unaojibana pampu inapovuta kwa nguvu. Inayochemka kwenye foleni lakini ikapoa barabarani inaelekeza kidole kwingine. Tofauti kubwa kati ya hali hizo mbili ni upepo. Lori likienda kilomita 60 kwa saa, upepo wa barabarani hupita katika rejeta bila msaada wa mtu. Likisimama, feni ndiyo tegemeo la pekee.

Kuna jambo la pili ambalo husahauliwa. Injini ya dizeli ikiwaka bila kubeba mzigo huchoma mafuta kidogo mno, na kwa hivyo hutoa joto kidogo. Tofauti na injini ya petroli, dizeli iliyo katika hali njema inaweza kukaa ikiwaka kwa saa kadhaa bila geji kusogea. Nyingine hata hupoa kupita kiasi. Kwa hivyo lori la dizeli linalochemka likiwa limesimama halistahili kusamehewa kwa kisingizio cha jua kali la Taru au uzee wa injini. Ama upepo haupiti, ama maji hayazunguki, ama kuna gesi au hewa inayoingia mahali pa maji.

Kabla ya kuamini geji

Geji za malori ya zamani hudanganya. Waya wa umeme ulioliwa na kutu au kihisi cha joto ambacho si cha gari hilo huweza kupandisha sindano ilhali injini ni baridi. Uongo wa kinyume ndio wenye hatari zaidi. Kihisi hicho kimeundwa kipime joto la maji, hivyo maji yakipungua hadi kikabaki kwenye mvuke au hewa tupu, sindano huweza kushuka wakati chuma kinaungua. Dereva aliyeona sindano ikipanda, kisha ghafla ikaanguka bila sababu, anafaa kuzima injini papo hapo badala ya kushukuru.

Siku hizi vipimajoto vya mwale, vile vinavyoelekezwa kwenye kitu bila kukigusa, hupatikana katika maduka mengi ya vifaa vya umeme, na gereji yoyote inayotengeneza malori inapaswa kuwa nacho kimoja. Kikielekezwa kwenye kikombe cha themostati, kisha juu na chini ya rejeta, huonyesha kwa dakika moja mambo ambayo yangebishaniwa mchana kutwa.

Upepo

Uchunguzi wa upepo huanza mbele ya lori. Rejeta ya gari lililozoea barabara za vumbi hujaa udongo, mbegu za nyasi na mabawa ya wadudu katikati ya mapezi yake. Mara nyingi uchafu hauonekani kwa nje kwa sababu umejificha kati ya rejeta na kipozeo cha hewa ya taba, katika malori yenye taba. Injini inayotoa moshi wa mafuta kwenye bomba lake la kupumulia huongeza balaa, kwani mafuta hayo hunata kwenye mapezi na kushikilia vumbi kama gundi. Rejeta ya namna hiyo haisafishwi kwa maji matupu. Hupakwa sabuni ya kuondoa mafuta, ikaachwa kidogo, kisha ikaoshwa kutoka upande wa injini kuelekea mbele, yaani kinyume cha njia ya upepo, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine za kuoshea magari zenye nguvu nyingi zikisogezwa karibu hulaza mapezi, na rejeta iliyosafishwa hivyo huwa mbaya kuliko ilivyokuwa.

Kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote ni kava la feni, yaani ule mzingo wa bati au plastiki unaoizunguka feni na kuiunganisha na rejeta. Lori likigongwa mbele, kava huvunjika. Mafundi hunyoosha bampa, wakabadilisha rejeta, kisha wakalitupa kava kwa kuwa gari linawaka bila hilo. Pasipo kava, feni huvuta hewa moto kutoka pembeni mwa injini na kuizungusha mahali pamoja badala ya kuivuta hewa baridi kupitia rejeta. Barabarani kasoro hiyo haitambuliki. Kwenye foleni hutambulika mara moja. Kava linafaa kuwepo, lisiwe na nyufa kubwa, na mapanga ya feni yawe yameingia ndani yake kwa takriban nusu ya upana wao. Fundi wa bati hodari anaweza kutengeneza kava jipya kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na ile ya gasketi.

Feni yenyewe nayo huwa na kasoro zake. Ikifungwa nyuma mbele baada ya pampu ya maji kubadilishwa, haigeuzi mwelekeo wa upepo kama wengi wanavyodhani; huendelea kupeleka hewa upande ule ule lakini kwa udhaifu, kwa sababu mkunjo wa mapanga umegeuka. Jambo hilo huwachanganya mafundi kwa kuwa mkono ukiwekwa nyuma ya rejeta huhisi upepo kidogo. Feni iliyotolewa kwenye gari jingine, yenye mapanga machache au kipenyo kidogo, huleta matokeo yayo hayo.

Katika malori ya zamani kama Bedford, feni imefungwa moja kwa moja kwenye puli na huzunguka daima. Malori mengi ya Isuzu na Mitsubishi Fuso yaliyofuata hutumia klachi ya feni, kidude cha mviringo kilicho katikati ya mapanga, chenye mafuta mazito ya silikoni ndani na chemchemi ya chuma usoni. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa moto, chemchemi hujikunjua, ikafungua njia ya mafuta, nayo feni ikashikwa na kuzunguka kwa nguvu. Hewa ikipoa, feni huachiliwa ili isile nguvu za injini bure. Mafuta hayo yakivuja au kuchoka, feni huonekana ikizunguka kama kawaida ilhali haivuti chochote cha maana.

Klachi iliyokufa hugunduliwa kwa njia kadhaa. Mstari wa mafuta yenye vumbi unaotoka katikati kuelekea nje ni ishara ya kuvuja. Injini ikiwa imezimwa na ni moto, feni ikisukumwa kwa mkono inafaa kukataa kuzunguka kwa urahisi. Ikiendelea kuzunguka yenyewe mara kadhaa, kazi yake imekwisha. Aidha, ukurasa mmoja wa gazeti kuukuu ukiwekwa mbele ya rejeta wakati injini ni moto na inawaka, unafaa kunyonywa na kubaki umeshikwa hapo. Ukianguka chini, hakuna haja ya kutafuta mchawi kwingine. Jaribio hilo hufanywa mbele ya rejeta pekee. Hakuna anayepaswa kupeleka karatasi, kitambaa au mkono upande wa feni inapozunguka, na mwenye shati pana au shuka la kujifunika baridi alivue kwanza.

Baadhi ya mafundi huichomelea klachi ili feni ishikane daima. Kwa dharura ya siku moja hilo linaeleweka. Kama tiba ya kudumu lina gharama zake: feni hula mafuta ya dizeli safari nzima, beringi za pampu huchakaa, na mapanga ya plastiki yaliyozeeka huweza kupasuka injini inapopandishwa kasi, yakaichana rejeta iliyokuwa ikiokolewa. Klachi mpya au iliyotumika kidogo ni heri zaidi.

Mkanda wa feni haukawii kuchunguzwa. Ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili unafaa kuingia kama milimita 10 hadi 15. Unaong'aa pembeni kama kioo umekuwa ukiteleza, na katika malori yenye mikanda miwili yote hubadilishwa pamoja, kwa sababu mkanda mpya ukiwekwa kando ya mkuukuu ndio unaobeba mzigo wote. Inafaa pia kuuliza iwapo kuna mtu aliyepunguza mzunguko wa injini ili kuokoa mafuta. Injini iliyopaswa kuzunguka mara 600 kwa dakika ikishushwa hadi 450, feni na pampu ya maji hushuka pamoja nayo, na akiba ya dizeli iliyopatikana huishia kwenye duka la vipuri.

Maji, kifuniko na mwinuko wa nchi

Kenya ina jambo moja ambalo vitabu vya mafundi kutoka Japani au Ulaya havilitilii mkazo. Lori linalotoka Mombasa kwenda Malaba huanza safari kwenye usawa wa bahari, ambapo maji huchemka yakifika digrii 100 za Selsiasi. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, maji hayo huchemka yakifika karibu digrii 94 au 95. Timboroa, kunakopita mita 2,700, huchemka kwenye karibu digrii 91. Themostati nyingi za malori huanza kufunguka kwenye takriban digrii 82 na kufunguka kabisa zinapokaribia 95. Kwa maneno mengine, katika nyanda za juu joto la kawaida la kazi ya injini linakaribiana mno na joto la kuchemka kwa maji yasiyobanwa.

Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta. Watu wengi hukiona kama kizibo cha kuzuia maji yasimwagike, kumbe kina chemchemi inayobana maji hadi kiasi fulani cha shinikizo. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, kikiwa kizima, hufanya maji yasichemke Nairobi hadi yafike karibu digrii 115. Mpira wake ukipasuka au chemchemi ikilegea, kinga hiyo yote hutoweka. Lori basi huchemka Nairobi likiwa na joto ambalo Mombasa lisingeleta hata tone la mvuke, naye mmiliki hushawishika kwamba injini imeharibika njiani. Vilevile vifuniko vilivyookotwa kwenye magari mengine, vyenye namba tofauti, vimejaa barabarani. Kikiwa hafifu mno, maji huchemka mapema. Kikiwa kigumu mno kwa rejeta kuukuu, viungo vya risasi huachia. Kifuniko ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa kwenye lori, na ni jambo la kushangaza kwamba huwa cha mwisho kushukiwa.

Kifuniko hicho hakifunguliwi injini ikiwa moto. Maji yaliyobanwa kwenye digrii 105 hugeuka mvuke ghafla shinikizo linapoondoka, na kuna madereva na utingo waliopoteza ngozi ya uso kwa sababu hiyo. Mpira wa maji wa juu hubonyezwa kwa nje kwa kitambaa. Ukiwa bado mgumu kama jiwe, subira ni lazima, hata ikichukua nusu saa au zaidi.

Pampu ya maji huharibika kwa njia mbili. Ile ya kuvuja huonekana, kwani maji hudondoka kwenye tundu dogo lililo chini ya mhimili wake. Ile ya pili imejificha: mapezi ya ndani huliwa na kutu hadi yakabaki vijiti, au kigurudumu chake kikalegea kwenye mhimili. Pampu ya namna hiyo husukuma maji ya kutosha injini inapozunguka haraka, lakini injini ikitulia maji husimama. Dereva hutambua kwamba akikanyaga mafuta kidogo akiwa kwenye foleni, sindano hushuka. Ishara hiyo inaelekeza kwenye pampu, mkanda au feni, maana vyote vitatu hutegemea mzunguko wa injini.

Rejeta iliyoziba kwa ndani hujulikana kwa kupima joto lake sehemu mbalimbali. Pale palipo baridi katikati ya joto, mirija imejaa chokaa. Za shaba za zamani zinaweza kufunguliwa na mafundi wa rejeta, wale wanaoyeyusha risasi na kuondoa tangi la juu, kisha wakapitisha vijiti vyembamba katika kila mrija. Mpya za aluminiamu zenye matangi ya plastiki haziwezi kutendewa hivyo, na aghalabu hubadilishwa.

Themostati na dhambi inayosingiziwa

Hakuna kifaa kilichotupwa na mafundi wa jua kali kama themostati. Imani iliyoenea ni kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi na kwamba kukiondoa huifanya injini ipoe. Katika injini nyingi za malori, themostati ina kazi mbili: kufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati uo huo kuziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu. Ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima. Sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta, na kwenye foleni mambo huwa mabaya zaidi. Barabarani, kwa upande mwingine, injini hubaki baridi mno, ikachoma dizeli vibaya na kuchakaza silinda.

Themostati huchunguzwa jikoni. Huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, maji yakapashwa polepole huku kipimajoto kikitazamwa. Inayoanza kufunguka karibu na joto lililochapishwa juu yake, na kufunguka kwa milimita kadhaa, ni nzima. Isiyofunguka hubadilishwa kwa nyingine ya joto lile lile.

Mapovu

Ikiwa upepo unapita na maji yanazunguka, lakini lori bado linachemka na kumwaga maji, ndipo gasketi hushukiwa. Injini ikiwa baridi, rejeta hujazwa hadi mdomoni, kifuniko kikaachwa wazi, na injini ikawashwa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyosalia. Yakiendelea bila kukoma kabla hata injini haijapata joto, kuna gesi inayoingia kwenye maji. Dalili nyingine ni mipira ya maji inayokuwa migumu dakika chache baada ya kuwasha, moshi mweupe usioisha asubuhi, maji yanayopungua bila kuonekana yanakovuja, au mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Malori yanayotumia breki za upepo yana kompresa, na kompresa nyingi hupozwa kwa maji yale yale ya injini. Gasketi ndogo ya kompresa ikiungua, hewa ya breki husukumwa kwenye mfumo wa maji na kutoa mapovu yasiyotofautika kwa macho na yale ya silinda hedi iliyoharibika. Hali hiyo hufanana kabisa na ugonjwa wa foleni, kwa kuwa lori linaposonga na kusimama dereva hukanyaga breki mara kwa mara, hivyo kompresa hulazimika kujaza matangi tena na tena. Silinda hedi hufunguliwa, ikapigwa randa, gasketi mpya ikawekwa, na mapovu yakarudi siku hiyo hiyo.

Kupambanua hakuhitaji mashine. Mapovu hutazamwa matangi ya upepo yanapojazwa, kisha hutazamwa tena baada ya kompresa kujipumzisha. Yakipungua au kukoma wakati huo, kompresa ndiyo mkosaji. Njia ya uhakika zaidi ni kutenganisha mipira miwili ya maji ya kompresa, kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe, na kuwasha injini kwa muda mfupi. Lori halipelekwi barabarani likiwa katika hali hiyo.

Ikibainika kwamba ni silinda hedi, kubadilisha gasketi pekee hakutoshi. Uso wa hedi hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka, na pengo la unene wa unywele linatosha kuirudisha kazi nyuma. Hupelekwa pia kwenye karakana ikapimwe nyufa kwa shinikizo. Wakati wa kufunga, boliti hukazwa kwa spana ya kipimo, kwa awamu, kuanzia katikati kuelekea pembeni. Fundi anayekaza kwa kusikiliza mkono wake anaweza kubahatika mara moja au mbili.

Linapochemka njiani

Dereva aliyenaswa kwenye foleni akaona sindano ikipanda anaweza kufanya mambo machache. Awashe kipasha-joto cha kabati hadi mwisho, iwapo kipo, kwa kuwa hicho ni rejeta ndogo ya pili, hata kama atalowa jasho. Aweke gia huru na kukanyaga mafuta hadi mizunguko kama 1,000 kwa dakika. Kama maji hayajamwagika, hafai kuzima ghafla, maana pampu na feni zikisimama joto lililo kwenye chuma hubaki humo na kuyachemsha maji yaliyotulia. Kama maji yamekwisha, azime mara moja, avute breki ya mkono na kuweka mawe kwenye magurudumu.

Maji baridi hayamwagwi kwenye injini iliyokauka ikiwa moto. Chuma cha hedi hujikunja kwa ghafla na kupasuka kati ya valvu. Injini huachwa ipoe hadi iguswe kwa mkono, kisha maji, yakiwa vuguvugu ikiwezekana, huongezwa polepole huku injini ikiwaka.

Maji yanayotumiwa kujazia ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya maradhi haya. Maji ya visima katika maeneo makavu yaliyo kandokando ya barabara ya Mombasa mara nyingi huwa na chumvi, na kila mtungi huacha chokaa zaidi kwenye mirija na kuzunguka silinda. Kulanti, ile dawa yenye rangi inayochanganywa na maji, hudhaniwa kuwa ya kuzuia barafu, kwa hivyo wengi huona haina kazi katika nchi ya joto. Kwa kweli ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi hupandisha joto la kuchemka kwa digrii saba hivi hata bila kifuniko, huzuia kutu kwenye mapezi ya pampu, na hulinda silinda za dizeli zisitobolewe na viputo vidogo vinavyotokana na mtikisiko wake. Mwenye kushindwa kununua kulanti kamili anaweza angalau kutumia maji ya mvua pamoja na dawa ya kuzuia kutu.

Lori lililotengenezwa halikabidhiwi mwenyewe baada ya kuzungushwa mara moja nje ya gereji, kwa kuwa hilo ndilo jaribio ambalo hata lori gonjwa hulipita. Huendeshwa hadi lipate joto, kisha likasimamishwa mahali pa jua, mchana, injini ikiwaka, kwa muda wa saa nzima, huku joto la kikombe cha themostati likiandikwa kila baada ya dakika kumi na breki zikikanyagwa mara kwa mara kama ilivyo kwenye foleni. Joto likipanda kisha likatulia mahali pamoja, mfumo unafanya kazi. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, kifuniko hufunguliwa na maji hutazamwa. Yakiwa yamefika pale pale yalipoachwa jana, lori linaweza kupakiwa mzigo.